Gauni Lisilomjua Mwenyewe

Kila nikitoka shule, nilipita kibandani kwa shangazi, fundi cherehani, kufagia vipande vya nguo na kuokota pini. Aliniita Sindano kwa wembamba wangu. Siku moja akasema, "Sindano, muuza mboga anataka gauni la sherehe. Libuni wewe. Akilipenda, utaanza kushonea ile cherehani ya pili."

Nilishika penseli, kichwa kikawa kitupu kama debe. Basi nikaazima simu ya kaka, nikaiagiza akili bandia iliyomo inichoree gauni la sherehe la mama mnene. Kabla sijapiga chafya, lilikuwa tayari: kola imesimama, kiuno kimebana, zipu mgongoni. Nikalinakili kwenye karatasi.

"Umebuni mwenyewe?" shangazi aliuliza.

"Mwenyewe, shangazi. Limenijia tu."

Alinitazama kidogo, akakata kitambaa, akakishikiza kwa uzi ili mteja ajaribu kwanza.

Muuza mboga alikuja na mwanawe mchanga mgongoni. Alimlaza, akavaa, akafungwa zipu, akajitazama kwenye kioo. "Jamani! Huyu ni mimi au malkia?"

Mimi macho yalikuwa kwenye cherehani yangu. Ndipo mtoto alipoamka, akalia kama king'ora. Mama akavuta kola, haikushuka. Akapapasa zipu, mkono haukufika. Akalipandisha gauni kutoka chini, kichwa kikapotelea ndani.

"Fundi! Nitoeni! Mtoto ana njaa, nami mmenifunga kama gunia la viazi!"

Tulimvuta, shangazi huku, mimi kule. Alipotoka, mtoto alinyonya huku akinikodolea jicho moja kama hakimu.

"Sindano," shangazi akasema, "ulipobuni, huyu hukumkumbuka?"

"Ilichora simu, shangazi. Nilikudanganya. Nisamehe."

"Nilijua. Wewe hujawahi kuchora mikono miwili ikalingana." Akanipa penseli. "Haya, mtazame mteja. Muulize."

Nikamuuliza, naye akanieleza. Nikachora vifungo mbele, kiuno cha kupumua na mfuko wa kuwekea kitambaa cha mtoto. Mistari ilipinda, lakini shangazi alifumua uzi, akashikiza upya.

Muuza mboga akavaa, akafungua vifungo viwili, akacheka. "Hili sasa linanijua!"

Shangazi akaondoa kifuniko cha cherehani ya pili. "Simu imeona magauni mengi kuliko sisi, lakini huyu mama haijamwona. Kubuni huanza kwa kumtazama mtu. Na uongo, mwanangu, zipu yake iko mgongoni: ukiuvaa, huwezi kuuvua peke yako."