Mkasi wa Ijumaa

Kila Ijumaa, kabla ya sala ya adhuhuri, Mzee Gharibu alifanya jambo lililomkera binti yake Zena kuliko yote. Alifuta chaki mikononi, akatundika mkasi mkubwa kwenye msumari nyuma ya mlango, akafunika cherehani kwa kanga kuukuu. Basi. Kazi imekwisha mpaka kesho asubuhi.

Zena alikuwa ametoka kumaliza darasa la tano, na kila likizo alimsaidia baba yake katika duka lao la ushonaji mjini Kasulu. Alijua kushona vifungo, kukunja pindo na kupiga pasi ya mkaa, na likizo hii alikuwa ameruhusiwa kukata kaptula. Alikuwa mwepesi kweli, na mwenyewe alilijua hilo kupita kiasi.

Mwaka ule, 1978, ilikuwa imeamriwa kila mtoto aliyefikia umri aende shule. Watoto walikuja kupimwa kutoka kila kijiji, wakubwa kwa wadogo, na wote walitaka sare kabla ya shule kufunguliwa Jumatatu. Nguo na vitambaa vilirundikana mpaka meza haikuonekana.

"Baba, leo pia tunafunga?"

"Kwani leo si Ijumaa?"

"Lakini watu wanangoja! Mbona Fundi Stanislaus hafungi? Msikie!"

Kweli, ng'ambo ya barabara cherehani ya Stanislaus ilikuwa ikilia mfululizo.

"Namsikia," alisema Gharibu. "Yeye ana mwili wake na mimi nina wangu. Wewe wiki nzima hujacheza hata rede, na macho yamekuwa mekundu. Funga mlango, mwanangu, nenda nyumbani ukapumzike. Funguo mpe mama yako."

Akavaa kofia yake, akaenda msikitini. Zena alibaki amenuna. Aliona haya kwa niaba ya baba yake. Mtu mzima, kazi imemfika shingoni, halafu akitoka msikitini anakwenda kujinyoosha! Akaufunga mlango kama alivyoagizwa, ila alijifungia ndani.

Alitungua mkasi, akatandaza kaki ya kaptula juu ya rundo lile lile. Siku nyingine asingethubutu, maana jambo la kwanza alilofundishwa ni kuondoa kila kitu mezani kabla ya kukata. Lakini kichwa kilikuwa kizito, mgongo ulimuuma, na alikuwa na haraka ya kumwonyesha baba yake kazi inavyofanywa. Mkasi ulikwenda vizuri, kisha ukawa mgumu. Badala ya kusimama na kutazama, Zena akakaza mkono.

Alipoinua kaki, moyo ulimlipuka. Chini yake palikuwa na gauni la shule la buluu, limekwisha kushonwa na kupigwa pasi. Mkasi ulikuwa umelipasua mbele, upande wa kulia, chini kidogo ya kiuno.

Lilikuwa gauni la Pelagia, binti wa Mzee Ndihokubwayo, mkimbizi kutoka Burundi aliyelima kijijini Nyakitonto. Pelagia alikuwa na miaka kumi na hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Baba yake alikileta kitambaa mwenyewe, kwa miguu, na sasa kitambaa kama kile kilikuwa kimekwisha katika maduka yote ya Kasulu. Kesho asubuhi wangekuja kulichukua.

Zena alishika sindano. Uzi ulikataa kuingia tunduni. Ulipoingia, alijichoma kidole. Akashona, mshono ukajikunja vibaya; akafumua, mpasuko ukachanika zaidi. Alifumua tena, huku akilia kwa hasira. Cherehani ya Stanislaus nayo ilizidi kupiga kelele, akatamani kuitupa mtaroni.

Baba yake alipomkosa nyumbani akaja kugonga mlango, Zena hakuficha kitu. Alimwonyesha gauni, akamweleza yote.

"Baba, tulishone sasa hivi! Tafadhali!"

Gharibu alilitazama gauni lile, ndani na nje. Kisha akalikunja, akautundika mkasi.

"Kesho."

"Kesho wanakuja!"

"Zena, wewe umechoka na mimi nimechoka. Tukilishika sasa tutaharibu hata kilichobaki. Twende nyumbani."

Zena alikasirika hata kula hakuweza. Mama yake, Bi Kuruthumu, alimchemshia maji ya kuoga, akamtandikia. Zena alijilaza akiwa ameazimia kutolala, awaze mpaka apate dawa ya lile gauni. Hata hakusikia adhana ya magharibi. Alilala kama gogo mpaka alfajiri.

Alipoamka, kabla hata ya kunawa uso, alikimbia kwa baba yake.

"Baba! Mfuko! Mpasuko uko pale pale panapokaa mfuko. Tukipindua kingo, tukatia mfuko wa kitambaa chochote kwa ndani, halafu na upande wa pili hivyo hivyo..."

Gharibu akacheka. "Jana ungeliona hilo?"

Jana Zena alikuwa ameona mpasuko tu.

Walifungua duka mapema, wakasafisha meza, wakashona. Hawakuwa wamemaliza kupiga pasi Mzee Ndihokubwayo alipoingia na Pelagia, miguu yao imejaa vumbi jekundu.

"Bwakeye, fundi," alisalimia mzee kwa Kirundi.

Gharibu akamgeukia binti yake. Zena akasema yote: kwamba aliambiwa apumzike akakataa, kwamba yeye ndiye aliyelikata gauni. Mzee alipitisha kidole kwenye mshono, taratibu, kulia na kushoto.

"Sisi kwetu Jumapili jembe linabaki ndani," mzee alisema. "Nilidhani ninyi wa mjini hamchokagi."

Pelagia alikuwa amekwisha kutia mikono mifukoni. Hakutaka kuitoa. "Humu nitaweka penseli," alisema.

Walipoondoka, Gharibu alinyoosha kidole chake cha shahada, kile kilichopinda.

"Nikiwa kijana kule Ujiji nilishona siku nyingi bila kupumzika, nikijiona hodari. Sindano ya cherehani ikapita hapa. Tangu hapo kila Ijumaa nafunga, na si kwa uvivu, mwanangu. Mapumziko ni sehemu ya kazi. Mtu asiyepumzika huharibu kazi, kisha huharibu mwili wake, na mwili hautiwi mfuko."

Ijumaa iliyofuata watoto waliruhusiwa mapema kwa ajili ya sala, na Zena akapitia dukani akitoka shule. Ng'ambo ya barabara cherehani ya Stanislaus ilikuwa bado inalia, na bado ilimkera kidogo. Akaondoa nguo zote mezani, akautundika mkasi kwenye msumari, akampa baba yake funguo. Kisha akakimbia kwenda kucheza rede.