Mkono wa Chasse

Tangu ule mwezi wa tano volkano ilipotapika, maji ya bomba hayakuja tena Majengo, mtaa wa Goma, kama zamani. Lava ilipita juu ya mabomba, ikapoa, ikawa jiwe. Siku nyingine bomba la mtaa lilikohoa kidogo, likatoa tope, likanyamaza. Kwa hiyo kila asubuhi Léoncie alichukua bidon zake za njano, yale madumu ya maji, akafuata wanawake wengine hadi ziwani. Alirudi amepinda mgongo, na kamba ya bidon imemchora paji la uso.

Nyumbani kwake kulikuwa na kitu ambacho majirani wengi hawakuwa nacho: choo cha ndani. Mume wake, Havugimana, ndiye aliyekijenga. Goma, kuchimba shimo si mchezo. Ukipiga jembe mara moja, unakutana na jiwe. Vijana walivunja jiwe hilo kwa nyundo na patasi mpaka shimo likapatikana. Ndipo Havugimana akaleta bakuli jeupe la choo na tangi lake la maji. Tangi hilo watu wa Goma wanaliita chasse. Juu ya kifuniko chake kulikuwa na kirungu kidogo cha plastiki. Ukikivuta kwenda juu, maji yanashuka kwa kishindo na kuondoa uchafu wote.

Vita vilipopanda tena milima ya Masisi, mama yake Havugimana, jina lake Mukamugema, alikimbia na wenzake. Alilala chini ya hema la plastiki katika kambi ya Lac Vert, pembeni mwa mji, juu ya mawe. Havugimana akaenda kumchukua.

"Mama hawezi kulala juu ya mawe na mimi niko na kitanda," alisema.

Lakini mama alikuwa ameacha ng'ombe wake mlimani. Aliwalilia kwa majina, mmoja mmoja. Havugimana hakuweza kuvumilia kilio kile. Akapanda moto, ile pikipiki ya abiria, akarudi upande wa Masisi kutafuta hata ng'ombe mmoja.

Hakurudi. Waliotoka huko waliulizwa. Wengi walisema hawakumwona. Mtu mmoja alisema alimwona, kisha akainamisha kichwa na kukataa kusema zaidi.

Basi katika nyumba ile wakabaki Léoncie, watoto wake wawili, na mama mkwe. Wanawake wawili walimlilia mwanaume mmoja, kila mmoja katika pembe yake. Hawakulia pamoja. Kila mmoja aliogopa macho ya mwenzake.

Na kama msiba haukutosha, choo kikaanza kuleta ugomvi.

Siku nyingine Léoncie alirudi kutoka ziwani akakuta tangi, ambalo sasa alilijaza kwa bidon, ni tupu. Mtu amevuta kirungu, nacho kimebaki juu. Maji yote yamekwenda shimoni bure. Siku nyingine alikuta kinyume chake: tangi limejaa, lakini uchafu uko pale pale katika bakuli, na nzi wamejaa. Wakati huo huo, kwenye kituo cha afya walikuwa wanatangaza habari ya kolera.

Léoncie alisimama katika korido, akapiga kelele. Aliwatazama watoto, lakini maneno yalimlenga mtu mwingine.

"Nani ameacha chasse wazi? Mayi ninaibeba na kichwa changu, nyinyi munaimwaga! Na nani anaacha uchafu? Munataka tukufe wote na kolera?"

Mukamugema alikuwa ameketi juu ya mkeka. Alitazama mikono yake.

Baada ya hapo bibi huyo akabadilika. Chai ya asubuhi aliirudisha. "Nimeshiba," alisema. Maji ya mchana aliyaweka kando mpaka mtoto akayanywa. Midomo yake ikapasuka. Macho yakazama.

Léoncie aliona yote hayo. Aliwaza moyoni, "Anataka kumfuata mtoto wake. Amechoka kuishi." Hakumsihi sana. Yeye mwenyewe, akiwa njiani na bidon mgongoni, alikuwa akijiuliza: nabeba maji haya kwa ajili ya kesho gani? Mtu aliyekata tamaa hana neno la kumwambia mwenzake aliyekata tamaa.

Asubuhi moja Mukamugema alianguka katika korido. Alikuwa mwepesi kama kuni kavu. Jirani alimpakia kwenye chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao wanayosukumia mizigo, wakampeleka kituo cha afya.

Muuguzi, jina lake Constant, alibana ngozi ya mkono wa Mukamugema. Ngozi ilibaki imesimama.

"Huyu si kolera," alisema. "Mwili umekauka. Na kibofu kimepata ugonjwa kwa sababu hapitishi mukojo vizuri. Anakunywa mayi?"

"Anakataa," Léoncie alijibu.

"Mutu muzee akikosa mayi, figo zinaumia. Leo tumemuwahi. Siku ingine sijui."

Walimwekea serum ya mshipani, wakampa dawa. Jioni yake walirudi nyumbani.

Kesho yake Mwavita alikuja kumwona mgonjwa. Mwavita alikuwa jirani wa nyumba ya nyuma. Zamani yeye na marehemu mume wake walikuwa na duka la mabomba huko Birere. Lava ya volkano ya zamani, miaka mingi kabla ya hii, ililizika duka, na mume hakuishi sana baada ya hapo. Tangu siku hizo Mwavita alitengeneza mabomba ya watu, nyumba kwa nyumba.

Aliingia, akampa Mukamugema mkono wa salamu. Bibi alishtuka, akauvuta mkono wake haraka. Mwavita akaangalia vizuri. Viungo vya vidole vilikuwa vimevimba kama tangawizi. Vidole vyenyewe vilikuwa vimepinda.

Mwavita aliomba ruhusa, akaenda chooni, akakaa huko kidogo. Aliporudi, aliketi kwenye mkeka karibu na mgonjwa.

"Mukecuru," alisema kwa sauti ya chini, akimwita kwa heshima kama wazee wa kike wanavyoitwa kwao, "ile kirungu ya chasse, unaivuta namna gani?"

Léoncie alitaka kusema, lakini Mwavita alimzuia kwa mkono.

"Mficha uchi hazai, Mukecuru. Tuambie."

Mukamugema alitazama ukuta. Kisha maneno yakatoka polepole.

"Siivute. Vidole vyangu havishike tena. Nikikamata na mikono mbili, inateleza. Nikivuta na nguvu yangu yote, inabakia kule juu, siwezi kuirudisha. Mayi inakwenda. Ninaisikia inakwenda, na mimi nasimama pale tu. Mutoto wangu alipotea juu ya ng'ombe zangu. Sasa bibi yake, huyu Léoncie, anabeba mayi na kichwa, na mimi naimwaga. Nikasema, nisipokunywa, sitakwenda kule. Nisipokwenda kule, sitamuongezea uchungu."

Léoncie aliketi chini palepale mlangoni. Alikumbuka vikombe vyote vya chai vilivyorudi vimejaa. Alilia, na kwa mara ya kwanza alilia mbele ya mama mkwe wake.

Mwavita aliwaacha walie. Kisha akasimama.

"Kosa haliko kwa Mukecuru," alisema. "Kosa liko kwa mukono wa chasse. Hiyo kirungu inataka vidole vyenye nguvu. Ubane, ushike, halafu uvute juu. Mikono yenye rimatisi, viungo vikivimba hivi, haiwezi kubana. Mikono yenye sabuni pia inateleza. Mama Umwiza," alimwita Léoncie kwa jina la mtoto wake, "kuja uone."

Léoncie alimfuata chooni. Mwavita aliinua kifuniko cha tangi. Ndani, kirungu kilikuwa kimeshikamana na fimbo nyembamba ya chuma. Chini ya fimbo kulikuwa na kizibo cha raba kilichofunika tundu.

"Ukivuta kirungu, fimbo inapanda, kizibo kinafunguka, mayi inashuka. Ukiachilia, kizibo kinapaswa kuanguka chini na kufunga. Lakini angalia, fimbo imepinda. Na hii takataka ya mayi ya ziwa imeishika. Njo maana inakwama juu."

Waliitoa fimbo. Mwavita aliinyoosha kwa nyundo ndogo. Léoncie aliisugua kwa majivu mpaka ikang'aa, akasafisha na kizibo.

"Sasa haitakwama," Mwavita alisema. "Lakini Mukecuru bado hawezi kubana. Tunatafuta mukono ambao hautaki vidole. Sukuma huu mulango. Sukuma hapa, karibu na bawaba."

Léoncie alisukuma. Mlango ulikuwa mzito.

"Sasa sukuma huku mbali, kwenye komeo."

Mlango ulikwenda kwa kidole kimoja.

"Umeona? Mulango ni ule ule. Ukisukuma mbali na mahali unapozungukia, unatumia nguvu kidogo. Mukono wa chasse ni vilevile."

Mwavita alileta kipande cha chuma bapa cha kitanda cha zamani. Kifuniko cha tangi kilikuwa na ufa, hakikufaa kutobolewa. Badala yake alikata ubao wa mkaratusi, akaupaka rangi ya mafuta usioze kwa maji. Akaufunga juu ya tangi kwa raba ya tairi. Katikati ya ubao alitoboa tundu ili fimbo ipite. Karibu na tundu hilo alisimamisha vipande viwili vya mbao, akapitisha msumari mnene kati yake. Juu ya msumari huo chuma kiliweza kucheza, upande mmoja ukishuka, mwingine ukipanda. Upande mfupi aliufunga kwa waya kwenye fimbo. Upande mrefu ulitokeza nje ya tangi, umefungwa kitambaa na raba mwishoni.

"Basi tuufanye murefu kabisa," Léoncie alisema. "Uwe mwepesi zaidi."

"Hapana. Nguvu unayopunguza, unailipa kwa safari. Mukono ukizidi urefu, lazima ushuke mbali sana ndipo kizibo kipande. Utagonga bakuli mbele ya kufungua chochote. Tunapima: uwe mwepesi, lakini safari yake iishie kwenye kiuno cha Mukecuru."

Wakajaza tangi bidon nzima. Léoncie alibonyeza. Maji yalishuka kwa nguvu. Lakini yalipokwisha kushuka, tangi liliendelea kulia taratibu, tii, tii, tii. Waliongeza maji, nayo yakaanza kupotea.

Léoncie aliweka bidon chini. "Nilijua," alisema. "Kitu cha nyumba hii hakitengenezeki. Acha tu, Mama Mwavita. Tumechoka."

Mwavita alisogeza sikio karibu na tangi. "Waya umekaza. Unainua kizibo kidogo, hata kama hakuna mutu anayebonyeza. Waya lazima ulegee kidogo. Ukilegea sana, kizibo hakipandi. Ukikaza, hakifungi."

Akaulegeza, urefu wa ukucha hivi. Kisha akaomba buluu ya kufulia nguo, akaitia kidogo ndani ya tangi. Wakangoja bila kubonyeza. Waliangalia ndani ya bakuli. Maji yalibaki meupe.

"Buluu ikitokea kwenye bakuli, ujue tangi linavuja," Mwavita alisema. "Leo halivuji."

Ndipo wakamwita Mukamugema. Alikuja akishika ukuta. Aliutazama ule mkono wa chuma kwa mashaka.

"Usishike," Mwavita alimwambia. "Weka kiwiko cha mukono juu yake, halafu uegemee."

Bibi aliegemea. Chuma kilishuka. Maji yaliruka kwa kishindo, uchafu ukaondoka. Alipoinua kiwiko, chuma kilirudi chenyewe na tangi likanyamaza. Aliegemea ukuta, machozi yakimtoka. Léoncie alimmwagia maji mikononi, akampa sabuni. Walinawa pamoja. Kisha akamletea maji ya kunywa yaliyotiwa dawa. Mukamugema alikunywa kikombe chote, akarudisha kikombe kitupu.

"Ongeza," alisema.

Tangu hapo maji ya bidon za asubuhi yalitosha mpaka jioni. Nzi walipungua. Midomo ya bibi ikapona. Majirani walikuja kuuangalia ule mkono, na mwanamke mwenye mimba na mzee mwenye mkongojo wakaomba kutengenezewa wa kwao.

Lakini Havugimana hakurudi, na hakuna aliyeweza kutengeneza hilo. Na vita navyo havikukaa Masisi. Mwezi wa kwanza uliofuata, viliingia mjini. Umeme ulikatika, ziwa likawa mbali kama nchi ya wengine. Watu wa Majengo walijifungia ndani na maji yale waliyokuwa nayo.

Mchana mmoja risasi zilikuwa zinapita juu ya mabati. Léoncie alikuwa amelala chini katika korido, watoto chini ya mikono yake. Hakuomba tena. Maneno ya kuomba yalikuwa yamekwisha.

Akaona mama mkwe anainuka, anatambaa kwa magoti kuelekea chooni.

"Mama, lala chini!"

"Tumbo halingoji vita, mutoto wangu."

Mlango ulifungwa. Nje kitu kizito kililipuka, vumbi likashuka toka darini. Kisha Léoncie alisikia chuma kikishuka, maji yakikimbia, na tangi likinyamaza. Hakuna tone lililopotea. Akasikia na maji kidogo ya kunawa yakimwagika bakulini.

Mukamugema akarudi akitambaa. Alilala kando ya wajukuu wake, akavuta kanga, akaifunika miguu ya Léoncie.

"Mikono ni misafi," alisema. "Leta mutoto mumoja nimushike."