Joto la Ndani ya Mwokaji

Kwa miaka ishirini mwokaji alishinda mbele ya tanuri, akipima moto kwa kiganja. Ndiyo maana asubuhi ya kupasuliwa ngiri, alipofunikwa blanketi, alilisukuma pembeni.

"Mimi na baridi wapi na wapi!"

Mkewe hakucheka. Mumewe alipopasuliwa mara ya kwanza, aliamka akitetemeka, meno yakigongana. Kidonda kikachukua miezi miwili kufunga. Mke aliogopa yasijirudie. Akamgusa kwenye paji la uso.

"Joto lake la kawaida," akajipa moyo.

Muuguzi wa usingizi, mama mcheshi, akatikisa kichwa.

"Dada, kiganja kinapima ngozi tu. Eti shemeji, mkate ukibabuka juu, ndani umeiva?"

"Wapi! Unaweza kuwa mbichi kabisa."

"Basi na mwili ni hivyo hivyo. Dawa ya usingizi inaupotezea joto, na wewe umelala, huwezi kusema. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi thelathini na sita, damu inachelewa kuganda, kidonda nacho kinaweza kuoza."

"Mtalijuaje bila kumwingiza mpira kooni?" mke aliuliza.

Muuguzi akatoa kibandiko laini.

"Hiki kinakaa kwenye paji la uso. Hakichomi, hakiingizwi popote. Kinazuia joto lisitoroke hapo, mpaka joto la ndani lifike kwenye ngozi. Namba inatokea kwenye skrini, nami naiangalia muda wote."

Akakibandika. Baada ya dakika chache ikatokea thelathini na tano nukta nane.

Mwokaji akaangalia chini. "Kusema kweli, nasikia baridi tangu nivae gauni hili. Nilikuwa najikaza."

"Hapa hatutoi zawadi kwa wanaojikaza," muuguzi alisema. Akamfunika blanketi linalopulizwa hewa ya moto. Hawakumpeleka ndani mpaka namba ilipopita thelathini na sita na nusu.

Mke alikaa nje, roho juu. Mumewe alipotolewa, kitu cha kwanza alichotazama ni midomo yake. Haikutetemeka.

"Mke wangu," mwokaji alisema waziwazi, "nina njaa."

Mke akacheka huku machozi yakimtoka.

Siku ya kumi na mbili nyuzi za mshono zilitolewa. Kidonda kilikuwa kikavu, kimefunga vizuri. Kwenye benchi mwokaji alimkuta mgonjwa anayesubiri kupasuliwa, amejikunyata. Akaketi karibu naye.

"Ndugu yangu, unasikia baridi?"

"Kidogo tu."

"Usijikaze. Twende tukamwambie muuguzi."