Nati za Upande wa Kulia

Kila Jumamosi binti alimsaidia mama yake, fundi wa springi, kazini gerejini. Na kila Jumamosi, bila kukosa, mjomba wake alifika na pikapu yake akilalamika. Alikuwa ameiinua juu ili aringe nayo barabarani, kisha akaibebesha matofali mpaka nyuma ikalala. Sasa pua ilitazama mbinguni, na taa za mbele ziliwamulika ndege.

"Dada, niongezee kibao kingine tu chini ya springi," mjomba aliomba Jumamosi moja.

"Vibao, vibao! Hili ni gari au kabati?" mama alifoka. "Springi zimechoka. Leo nabadilisha, utake usitake. Mchana unampeleka mama yetu kliniki, na mteremko wa huko si wa mchezo."

Walifanya kazi mpaka jasho likawatiririka. Springi mpya zilipofungwa, nyuma ilinyanyuka ikalingana na mbele. Mjomba akalizungusha gari mtaani ili springi zikae vizuri na, kama kawaida yake, akapita katikati ya dimbwi.

"Sasa kaza tena nati zote," mama alimwagiza binti. "Springi zikishakaa, nati hulegea."

Binti alikaza za kushoto. Za kulia zilikuwa zimefunikwa na tope. Azikwangue kwanza? Mikono ilimuuma, na mjomba alikuwa akipiga honi kama aliyepagawa.

"Tayari!" alisema.

Bibi akatoka kwake, nyumba ya jirani, akasaidiwa kupanda, akampungia mjukuu wake mkono. Gari likaanza kuondoka. Binti aliuona ule mkono, akaingiwa na hofu, akakimbia mbele ya gari.

"Mjomba, simama! Za kulia sijakaza!"

Mama aliingia chini ya gari. Nati ya kwanza ilizunguka kwa vidole tu. Alimpa binti spana, akamsimamia mpaka ya mwisho ikakazwa, kisha akazikagua zote mwenyewe.

"Nisamehe, mama," binti alisema huku akilia.

Mama alishusha pumzi. "Mwanangu, kuchoka si kosa. Ungesema umechoka, ningekaza mimi. Kazi ambayo haijaisha, sema haijaisha. Mimi sikuziangalia zile nati. Nilikuamini wewe, nikampandisha mama yangu."