Lango Lilipokaa Wazi Dakika Sita

Mshonaji alikutwa kando ya cherehani yake, amelala kifudifudi, shingoni ana alama za vidole. Mwenye nyumba ndiye aliyemwona, saa nne asubuhi. Binti wa marehemu, wa miaka mitano, hakuwepo.

Inspekta alichuchumaa, akakagua mlango. Kitasa kilikuwa kizima.

"Mumewe alijua anaishi hapa?" aliuliza.

"Hakuna aliyejua," mwenye nyumba alijibu. "Miezi mitano mama wa watu amejificha. Hata sokoni nilimwendea mimi."

"Na huyo mume?"

"Katupa laini yake, kachukua mtoto, katokomea," alisema konstebo.

Mtu aliyejificha hivyo hapatikani kwa kubahatisha. Kitu pekee kilichojua alipo ni simu yake. Inspekta aliitia mfukoni, akaenda na konstebo moja kwa moja kampuni ya simu.

Chumba cha mitambo kilikuwa na baridi ya kutia kikohozi. Msimamizi aliwaonyesha lango la ishara, mtambo ambao mitandao ya simu husemezana kupitia kwake.

"Ukisafiri nje ya nchi, mtandao wa huko unatuuliza kama wewe ni wetu, tunajibu," alieleza. "Lakini swali la 'yuko wapi' likitoka nje, lango linalikataa. Siku zote."

"Na jana?"

Msimamizi alifungua kumbukumbu za mtambo. Mtandao wa nje ulikuwa umeuliza alipo marehemu. Lango likajibu: mnara wa simu ulio karibu naye, mtaa. Kanuni ya kukataa ilikuwa imezimwa kwa dakika sita.

"Nani anaweza kuizima?"

"Mafundi watatu. Wanatumia nenosiri moja."

"Watu watatu, nenosiri moja?"

"Ndivyo tulivyozoea, afande."

Inspekta alimtazama kwa hasira ambayo hakujisumbua kuificha. Mtoto yuko mikononi mwa muuaji, na hapa watu wamezoea.

Konstebo alimpa karatasi yenye muda wa tukio: 08:10. Inspekta hakuwa ametia kitu tumboni tangu alfajiri. Akaisoma mbiombio, akawaita mafundi mmoja mmoja.

"Jana saa nane na dakika kumi ulikuwa wapi?"

"Kantini, nakula," alisema fundi aliyeitwa Miwani. "Muulize mpishi."

"Saa nane? Kikaoni," alisema Kipara. "Nilisinzia, bosi akaniumbua mbele za watu."

Wa tatu walimwita Mwalimu, maana ndiye aliyewafundisha kazi wote wawili.

"Nilikuwa bado njiani," alisema. "Foleni ya asubuhi mnaijua wenyewe."

Inspekta aliandika, kisha kalamu ikasimama. Asubuhi? Akaitazama karatasi upya. Mtambo unahesabu kuanzia usiku wa manane. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi asubuhi. Aibu ilimshika, halafu akainua macho.

"Mwalimu, nimekuuliza saa nane."

"Ndiyo."

"Nimekosea. Wenzako wamejibu kosa langu, wanazungumzia mchana. Wewe umejibu saa ya mtambo. Nani alikwambia ni asubuhi?"

Mwalimu alijiegemeza ukutani.

"Ni mdogo wangu," alisema. "Alinipigia magoti, analia. Alisema anataka tu kumwomba mkewe radhi. Ndugu yangu wa tumbo moja, ningemfukuza?"

"Namba ya mkewe uliitoa wapi?"

"Shemeji alinipa mwenyewe, ili mtoto awe ananisalimia. Aliniamini."

"Kwa nini swali lilitoka nje?"

"Swali la ndani linabaki na jina la aliyeuliza. Huko nje kuna watu wanauza habari za nani yuko wapi. Niliwafungulia lango, ionekane ni wahuni wa mbali."

"Mtoto yuko naye. Laini ya zamani kaitupa, lakini wewe lazima alikupa namba mpya. Nitajie."

"Nikiitaja, nimemfunga mdogo wangu."

"Usipoitaja, utazika wawili."

Mwalimu alijivuta hadi kwenye kompyuta, akaiandika mwenyewe. Jibu lilirudi: mnara wa stendi. Nyumba ya wageni pale ni moja tu.

Walimpeleka akiwa na pingu, mikono nyuma, wakamsimamisha mlangoni.

"Mdogo wangu, fungua. Ni mimi."

Kitasa kilizunguka. Polisi walimwangusha mume sakafuni kabla hajasema neno. Binti alitoka nyuma ya kitanda, akawapita askari wote, akaenda kukumbatia miguu ya Mwalimu.

"Baba mkubwa, nibebe," alisema. "Nipeleke kwa mama."

Mwalimu aliinama kadiri alivyoweza, pingu zikimzuia. Mtoto akasubiri, mikono juu.