Nilitwanga kwa Wivu, Nikampoteza Mwanangu

Mimi ni mwanamke niliyevuka miaka hamsini, naishi Mkula, na kusoma nimejifunza ukubwani katika darasa la ubatizo. Wasomaji wenzangu, mikasa yenu nimeisoma humu gazetini na nimelia pamoja nanyi. Leo ni zamu yangu. Naomba msinihurumie mapema, maana katika mkasa huu mbaya ni mimi.

Enzi za Wajerumani nilikuwa na miaka ishirini na miwili hivi, mke wa Ligola, mvushaji wa mtumbwi pale Kivukoni. Msafiri wa kwenda Mahenge asingevuka Kilombero bila kumwona yeye, na nyumba yetu haikukosa kitu. Asubuhi wali, mchana wali, jioni kambale aliyenona na pombe ya mtama mtungini. Maji nililetewa na wifi zangu. Kazi yangu ilikuwa kukaa!

Nikanenepa... Msicheke! Siku zile unene wa mke ulikuwa sifa ya mume. Ligola mwenyewe aliwaambia wenzake kwamba mkewe hajui njaa inafananaje, nami nikazidi kujitanua kigodani.

Baada ya kumzaa binti yangu Tatu, pumzi zilianza kunikimbia. Shambani tulikuwa na dungu, kile kibanda cha juu ya miti tunachokaa kuamia ndege wasile mpunga. Ngazi yake ilikuwa na vipago sita tu, lakini nikifika juu moyo ulinidunda mpaka masikioni. Je, nilijali? Wala! Nilisema ni uzazi, nikaomba niongezewe wali.

Ndipo Ligola akaoa mke wa pili.

Aliitwa Chausiku, Mndamba wa kule kwenye mabwawa, mrefu, mwenye mabega ya mtu wa kazi. Alisimama wima ndani ya mtumbwi na kuusukuma kwa upondo kama wanaume. Jua likichomoza alikuwa ameshateka maji na kutwanga. Ndege wakishuka mpungani aliruka kutoka dunguni, akawakimbiza shamba zima huku akiimba. Alikula visamaki vya kuchoma, mlenda, majani ya kunde na boga, akashiba kidogo akaondoka. Pombe hakuigusa.

Jioni moja Ligola alinawa mikono akasema kwamba mwenzangu hupanda kutoka mtoni na mtungi kichwani bila kuhema, ila mimi nahema nikiinuka kitandani. Hakusema kwa ubaya. Lakini wivu, ndugu zangu... ulinifanya nilirudishe tonge sahanini!

Nikaapa. Nitamshinda huyu mwanamke kwa hayo hayo anayosifiwa.

Kesho yake niliamka kabla ya jogoo, nikajificha nyuma ya ghala na kinu changu. Nilitwanga mpaka viganja vikatoka malengelenge. Chakula nikaacha kabisa, nikawa nakunywa maji matupu. Siku ya nne nilianguka, mchi ukaniangukia mguuni, na aliyeniokota ni nani? Chausiku!

Nilingoja anicheke. Hakucheka. Aliniosha uso, akanikorogea uji mwepesi.

"Dada, utajiua," akaniambia. "Chakula usiache, punguza. Na kutwanga usitwange peke yako, utachoka upesi. Njoo tupokezane."

Basi kila alfajiri ikawa kinu kimoja, michi miwili. Wanawake wa bondeni mnajua kazi hiyo. Wako unapanda, wa mwenzio unashuka, na mkikosea tu michi inagongana. Huwezi kuzubaa wala kuacha njiani, kwa sababu mwenzako anakungoja. Siku nilizotamani kulala, ni ule mlio wake wa kuanza peke yake ulionitoa kitandani.

Baada ya miezi mitatu nilipanda dungu bila kushika kiuno. Magoti yaliyokuwa yakiniuma yakapona. Mlenda na visamaki vikaanza kunipendeza hata nikavitafuta mwenyewe. Tatu alikuwa na miaka mitatu, nami nilimbeba mgongoni kutoka shamba mpaka mtoni bila kupumzika. Nilipaswa kumpigia magoti yule mwanamke!

Badala yake, kila tulipotwanga nilikuwa namchungulia Ligola anamtazama nani. Alimtazama yeye... kila siku yeye! Mimi nimekonda, nimejitesa, na bado macho yake yanakwenda kwa mwenzangu? Kila wema wake niliuona ni dharau. Nilijiambia ananifundisha ili watu waseme amenifundisha.

Kisha habari za dawa ya maji zikafika bondeni. Wanaume waliochoka na kodi, viboko na kazi za shuruti waliinywa wakaamini risasi ya Mjerumani itageuka maji. Ligola naye akainywa. Mganga aliyeileta kijijini kwetu alituachia miiko sisi wake tuliobaki. Mpaka waume warudi, tusigombane, na tusiguse samaki asiye na magamba, hasa kambale. Mke akivunja, alisema, dawa ya mumewe inakufa hapo hapo alipo.

Ligola akaenda vitani Mahenge, na siku ile ile nikaacha mchi. Nimtwangie nani? Aliyekuwa wa kunitazama hayupo! Chausiku alikuja alfajiri kuniamsha, nikamwambia nina homa. Akaja tena, nikasema mgongo. Nikarudia wali wa sahani kubwa na mtungi wangu, na mwili nao ukarudi kwa haraka ya ajabu.

Na adhuhuri moja, nikiwa dunguni na njaa yangu ya uvivu, nilikumbuka kambale mkavu tuliyemchomeka kwenye paa la dungu kabla ya miiko. Nilitaka kumnusa tu. Nikaonja mkia... Nikamaliza mpaka kichwa! Mifupa nikaifukia mpungani.

Haikupita muda mrefu, walionusurika wakarudi. Walisema boma la Wajerumani lilikuwa na bombomu, bunduki inayotema risasi bila kupumua, na watu walianguka safu kwa safu. Ligola alikuwa safu ya mbele.

Sitawaeleza kilio cha siku ile. Kilipokwisha, mama mkwe alituita mimi na Chausiku mbele ya ukoo wote, akauliza swali moja tu.

"Nani kati yenu alikula?"

Leo najua kwamba risasi haiulizi mke wa mtu kala nini. Siku ile niliamini kabisa kuwa nimemuua mume wangu kwa meno yangu. Niliogopa. Lakini sitadanganya wasomaji, haikuwa hofu peke yake. Nilimtazama Chausiku, mwembamba, mzuri hata katika msiba, na ule wivu ukanyoosha kidole changu.

"Ni huyu. Watu wa mabwawa hawawezi kuishi bila kambale."

Alinitazama, asijitetee. Wakampiga, wakamnyang'anya vitu vyake, wakamfukuza. Nami, Mungu anisamehe, nilisikia raha moyoni!

Raha yangu haikufika mavuno. Askari walikuja wakachoma nyumba, maghala na mpunga uliokuwa bado shambani. Tukakimbilia milima ya Udzungwa upande wa Sanje, siku nne za kutembea. Siku ya nne, chini ya mlima, bunduki zikalia nyuma yetu. Watu wakapanda mbio, na mimi na Tatu mgongoni tukaanza kupanda.

Sikufika mbali. Miguu ilikataa. Pumzi zilikatika. Nilipiga magoti kwenye mawe, nikatambaa, nikatapika. Tatu analia, "Mama, twende! Mama, inuka!" Nilitaka kuinuka, jamani... Ningetoa roho yangu ili niinuke! Mwili ukasema hauwezi. Watu walitupita, kila mmoja na mzigo wake.

Mkono ukanishika bega. Alikuwa Chausiku! Naye alikimbia na ndugu zake baada ya kwao kuchomwa.

"Nipe mtoto," akasema. "Wewe ukiweza utatukuta."

Nikampa. Alimfunga mgongoni akapanda lile jabali kwa hatua zile zile za kwenda mtoni, mpaka miti ikawameza.

Mimi nilijivuta kwenye pango la mawe, nikapona. Sikuwakuta juu. Ikaja njaa iliyoua wengi kuliko vita, nikaishi kwa mizizi ya porini, nikauliza kila kijiji. Nilikonda sasa bila kutwanga! Masika mawili yalipita kabla sijaambiwa kuna mwanamke Mndamba huko Sanje anayeishi na binti mdogo.

Nilipofika, Tatu alikuwa na afya, anapepeta mpunga. Nilimwita jina lake. Alinitazama, akaenda kujificha nyuma ya Chausiku, akashika nguo yake akamwita mama.

Nilianguka miguuni pa mwenzangu, nikakiri yote. Kumbe alijua!

"Nilikuona dunguni ukimla," akasema. "Ningekutaja wangekufukuza wewe, na mtoto angebaki bila mama."

Nilimchukua mwanangu kwa nguvu. Kwa siku tatu hakula, alilia akimtaka Chausiku. Siku ya nne nilimrudisha mwenyewe. Wivu wa mume nilidhani ndio mchungu, kumbe nilikuwa sijaonja huu! Na safari hii sikuwa na wa kumnyooshea kidole.

Nikahamia hapa Mkula, karibu na Sanje. Tangu hapo naamka alfajiri nikalime kwa jembe langu, mume awepo asiwepo, nisifiwe nisisifiwe. Nakula mboga zangu na wali wa kiasi. Siku nyingine uvivu unanibembeleza, naona haya, nainuka hivyo hivyo.

Dada zangu, kaka zangu, nawasihi. Msianze kujitunza ili kumkomoa mtu, maana mtu huyo akiondoka mtakaa chini. Na mkipata mwenzenu wa kuwaamsha asubuhi, msimgeuze adui! Anzeni mkiwa bado mna wa kuwabeba.

Kesho ni Jumamosi, nitatembea mpaka Sanje kama kila juma. Tatu sasa ana watoto wake. Atatoka nje, atapokea kikapu changu, atapiga goti kwa heshima zote aseme, "Shikamoo, mama mkubwa." Nami nitaitikia marahaba, kwa sababu jina lile lingine nililipoteza mlimani.