Mgeni wa Zamu ya Mwisho

Shemeji yangu Hillevi hapendi nisimulie habari hii, na mke wangu Sointu, ambaye ni dada yake, hutoka chumbani nikianza. Lakini yalitokea mezani kwangu, na nimechoka kuwasikia watu wa Tampere, mji wetu huku kaskazini ya mbali, wakiyasimulia ovyo.

Ilianza Jumamosi ya kawaida kabisa, mwezi wa sita, jua likiwa halina habari ya kuzama. Tulikuwa jikoni kwa Hillevi tukinywa kahawa na mikate ya iliki. Hillevi alikuwa katibu wa chama cha sauna pale ziwani, sauna ya kuni ya wanachama, yaani chumba cha mbao cha kuogea mvuke wa mawe ya moto, na simu yake ilikuwa haipumziki. Huyu ameahirisha zamu, yule anataka zamu, kuni zinateketea na mabenchi hayana mtu. Siku hiyo alikuwa amepata dawa ya kero zote.

"Njoo uone, shemeji," aliniita huku akinigeuzia kompyuta. "Sijaandika programu hata mstari mmoja. Nimeunganisha vijisanduku tu."

Kwenye skrini kulikuwa na visanduku vya rangi vilivyofungwa pamoja kwa mishale. Akanieleza kimoja kimoja. Zamu ikibaki tupu, chombo cha kutafuta kinapekua jumbe zote za chama, za miaka yote, kumsaka mtu aliyewahi kuitaka zamu kama hiyo. Kikimpata, kinalikabidhi jina lake jukwaa la matukio. Jukwaa linatengeneza tukio, linatuma mwaliko, linapokea jibu, kisha linaandika jina la mgeni kwenye skrini ndogo mlangoni pa sauna.

"Na wewe kazi yako itakuwa nini?" nilimuuliza.

"Kunywa kahawa."

Rauno, mumewe, alicheka mpaka akapaliwa. Yeye ndiye aliyekuwa akiwasha jiko la sauna kila Jumamosi. "Mwenzangu umejipatia mtumishi," alisema, "mimi umeniacha na shoka langu." Alikuwa pande la mtu, mpole, mwingi wa utani, na sioni haya kusema nilimpenda kuliko baadhi ya ndugu zangu wa damu.

Sote watatu tulisahau jambo moja. Zamu ya mwisho ya Jumamosi haina mtu. Kila aliyelelewa huku anajua: waogaji wakimaliza, wa mwisho kutoka anayamwagia mawe kata moja ya maji, anashukuru, anafunga mlango, na joto linalobaki ni la mwenye sauna. Wanamwita tonttu, mzee asiyeonekana anayeilinda sauna. Ukiwauliza kama wanamwamini watakucheka, lakini miaka yote niliyoishi nao sijaona hata mmoja akiingia zamu hiyo. Kwenye ratiba ya chama zamu hiyo huachwa wazi bila maelezo, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuelezwa. Mashine ilitakiwa ielezwe, na Hillevi hakuieleza.

Jumamosi iliyofuata mimi na Rauno tulikuwa tumekaa nje ya sauna tukila soseji nyeusi na jemu. Waogaji walikuwa wameshaondoka. Rauno alikuwa ameijaza ndoo, amemwaga kata yake ya shukrani na amefunga mlango. Niliinua macho nikaona skrini ya mlangoni. Kwenye zamu ya mwisho kulikuwa na jina: Lyyli.

"Huyu bibi si alifariki wakati wa theluji?" niliuliza.

"Nilibeba jeneza lake," Rauno alijibu.

Akampigia mkewe. Hillevi alicheka kwanza, cheko la aibu. Kumbe Lyyli enzi za uhai wake aliwahi kuandika: nipeni zamu yoyote, hata hiyo ya mwisho. Chombo kikaufukua ujumbe. "Nafuta sasa hivi, jamani, msinitangaze," alisema. Kisha nikamsikia akigonga kibodi, tena na tena.

"Vipi?" Rauno aliuliza.

"Imeandikwa amekubali mwaliko."

"Nani amekubali?"

Na hapo, nyuma yetu, ndani ya sauna, maji yalimwagwa juu ya mawe. Sauti ile haifanani na nyingine. Ssssss, ndefu, halafu kimya.

Rauno alifungua mlango. Mvuke ulitupiga usoni. Hapakuwa na mtu. Ndoo ilikuwa tupu, na kwenye benchi la juu palikuwa na alama mbichi ya mtu mmoja mwembamba aliyekaa. Rauno alifunga mlango polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtoto.

Hillevi hakulala vizuri tangu siku hiyo. Alifuta jumbe zote za Lyyli. Alikata mishale yote, akaviondoa vile visanduku kimoja baada ya kingine mpaka skrini ikawa nyeupe. Tukapumua. Siku chache baadaye, tukiwa tena jikoni kwake mchana kweupe, simu ya Rauno ililia. Aliusoma ujumbe, akaisukuma simu katikati ya meza.

Lyyli ameomba kuja na mwenzake. Asante, Rauno, kwa kukubali.

"Umebonyeza kitu?" Hillevi aliuliza.

"Mke wangu, mimi hata kuongeza sauti ya hii simu sijui."

Hillevi alifungua chombo cha kutafuta, ambacho bado kilikuwepo bila mishale, akaandika jina la mumewe. Jibu lilikuwa moja tu. Ujumbe wa miaka mingi nyuma, kwenye kikundi cha chama, Rauno akitania wenzake: siku moja nitaingia mimi hiyo zamu ya mwisho, nimsugue mgongo huyo mzee. Chini yake watu kibao walikuwa wamecheka.

"Ulikuwa utani!" Rauno alisema. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Mashine haijui utani," nilisema.

"Mashine nimeizima, shemeji," Hillevi alininong'oneza. "Hii si mashine."

Akajaribu kulifuta tukio. Likagoma: mwenyeji pekee ndiye anayeweza kufuta. Mwenyeji alikuwa yeye mwenyewe, jina lake lilikuwa pale tangu siku ya kwanza. Alifungua aone. Sehemu ya mwenyeji haikuwa na jina. Aliandika lake, likafutika. Aliandika tena, likafutika. Hapo ndipo nilipomwona shemeji yangu akilia kwa mara ya kwanza.

Jumamosi hiyo aliwaomba wanachama jiko lisiwashwe kabisa. Kisha akamleta Rauno kwetu, ng'ambo ya mji, ghorofani, mbali na ziwa. Simu waliiacha kwao. Sointu alitenga kahawa. Tulikaa mezani, Rauno mbele yangu, Hillevi kasimama nyuma yake, kamshika mkono kwa mikono yake miwili. Kiti cha kando ya Rauno, upande wa dirishani, kilibaki wazi. Jua lilikuwa limejaa jikoni. Tuliongea habari za mpira wa magongo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Zamu ya mwisho ilipofika, nilijua kwa sababu Rauno alikatisha neno katikati.

Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Likashuka mashavuni. Shati lake likalowa mbele yetu, kutoka kolani kushuka tumboni.

"Hille," alisema, "fungua dirisha."

"Liko wazi, mpenzi."

Ssssss.

Jikoni kwetu hakuna mawe. Jiko letu ni la umeme na lilikuwa baridi. Lakini kioo cha dirisha kiliingia ukungu, na masikio yangu yakaungua.

"Usiinuke, Rauno," Hillevi alinong'ona. "Chochote utakachoona, usiinuke."

"Sijainuka. Wananisogezea nafasi."

Aligeuza shingo upande wa dirishani. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama unavyomsalimu mtu mliyepotezana naye kitambo.

Ssssss.

"Inatosha," alisema. Si kwetu. "Inatosha, Bibi Lyyli. Usimwage tena."

Nilimrukia nimvute. Sikuweza kumgusa. Joto lake lilinirudisha nyuma. Hillevi hakumwachia. Niliona ngozi ya viganja vyake ikivimba, na bado hakumwachia.

"Mchukueni mwenye kosa!" alipiga kelele. "Ni mimi niliyewaita! Mimi!"

Maji yalimwagwa mara nyingine, mengi, ndoo nzima. Rauno aliinamisha kichwa, kidevu kikagusa kifua. Mvuke ukapungua. Jikoni kukawa na baridi ghafla, na juu ya kahawa vikombeni kukaganda utando mwembamba wa barafu.

Daktari alisema ni moyo ndio uliomuua. Kuhusu viganja vya Hillevi aliandika kwamba aligusa kitu cha moto, na sisi hatukubishana naye. Hillevi sasa anaishi na sisi. Huniuliza neno lile lile, akiwa ananiangalia machoni: kwani ningeiacha zamu moja bila mtu, ningepungukiwa na nini? Huwa namjazia kahawa.

Walipomwondoa Rauno siku ile, wanawake walifuatana na gari. Nilibaki peke yangu nifute meza. Kiti chake kilikuwa kimelowa chapachapa, nikakikausha. Kisha mkono wangu ukapita kwenye kile cha dirishani, ambacho mchana kutwa hakikukaliwa na mtu.

Nacho kilikuwa kimelowa, na bado kilikuwa na joto. Kwenye sakafu ya mbao mbele yake palikuwa na nyayo mbili ndogo za mtu asiye na viatu, vidole vikielekea kiti cha Rauno. Sointu amezisugua kwa sabuni, kwa siki, mwishowe kwa msasa. Ukija kwetu, mkeka wa jikoni tumeutandika juu yake. Tafadhali usiufunue.